Jalada la Kitabu Latuazima Macho ya Nani?



Mtu akisimama mbele ya kabati la vitabu, jicho lake hutangulia akili. Hajasoma hata neno moja, lakini amekwisha ona picha iliyochorwa juu ya jalada, na picha hiyo imekwisha mwambia jambo. Imemwambia: hiki ni kitabu cha kuchekesha, hiki ni cha huzuni, hiki ni cha vita. Naye ameamini, maana ni nani aiulizaye picha maswali? Neno la mtu twalipima kabla ya kulikubali. Picha twaipokea kama tupokeavyo mwanga wa asubuhi.

Kwa sababu hiyo wengi wadhani kwamba kuchora jalada ni kazi ya mapambo tu, kama kupaka rangi mlango wa nyumba. Sisi twataka kuonyesha leo kwamba ndani ya kazi hiyo mna swali la haki. Nalo ndilo hili: mchoraji apewaye jalada la riwaya maarufu, ana deni kwa nani? Je, ni kwa mwandishi, ambaye pengine amekwisha kufa? Ni kwa mwenye duka atakaye kuuza? Ni kwa msomaji? Au ni kwa watu wasimuliwao ndani ya kitabu, ambao hawana mdomo wa kujitetea?

Ili tusiseme maneno hewani, tuchukue mfano mmoja na kuutazama vizuri.

Mwandishi Franz Kafka alizaliwa katika mji wa Prague mwaka 1883, akafa mwaka 1924. Aliandika kwa lugha ya Kijerumani. Mwishoni mwa mwaka 1912 alitunga hadithi iitwayo Die Verwandlung, maana yake Kugeuka Umbo, ambayo siku hizi yasomwa katika lugha nyingi. Habari yake ni hii. Kijana mmoja, Gregor Samsa, ni mchuuzi asafiriye siku zote na sampuli zake za vitambaa. Baba yake alifilisika, na mwana ndiye alipaye deni la wazazi. Tena moyoni amekusudia kumlipia dada yake, Grete, masomo ya muziki. Asubuhi moja kijana huyo aamka kitandani mwake, kumbe amegeuka mdudu mkubwa wa kuchukiza.

Lakini angalieni: moyoni hakugeuka. Afikiri kama mtu, aona haya kama mtu, awahurumia wazazi wake kama mwana mwema. Ila sauti yake haieleweki tena, na waliomo nyumbani hawaoni mtu, waona mdudu. Mwanzoni dada yake amletea chakula. Baadaye baba yake amtupia matofaa, na moja lamkwama mgongoni. Siku moja mama na dada waanza kuondoa vyombo chumbani mwake. Gregor apanda ukutani na kujibandika juu ya picha moja aliyoikata zamani katika gazeti, ili wasiichukue. Kitu hicho kidogo ndicho kilichombakia cha kumkumbusha kwamba alikuwa mtu. Mwisho dada yule yule asema kwamba kiumbe kile hakina budi kuondoka. Kunapoanza kupambazuka Gregor afa, na mtumishi wa nyumba amwondoa kama takataka. Wazazi na dada wapanda tramu, waenda kupunga hewa nje ya mji.

Basi, mwaka 1915 kampuni ya Kurt Wolff ya Leipzig, Ujerumani, ilitaka kuitoa hadithi hiyo kama kitabu. Kazi ya jalada alipewa Ottomar Starke, mchoraji aliyezoea pia kutengeneza mandhari ya majukwaa ya michezo. Kafka aliposikia habari hiyo aliingiwa na hofu. Tarehe 25 Oktoba 1915 aliwaandikia wachapishaji barua ya kusihi. Alihofu kwamba Starke angetaka kumchora mdudu mwenyewe. Aliomba sana lisifanyike jambo hilo: mdudu hachoreki, na hata kwa mbali asionyeshwe. Alisema kwamba hataki kuingilia kazi ya mchoraji, ila yeye aijua hadithi kuliko wengine. Kisha alitoa shauri: wachorwe wazazi na karani mkuu mbele ya mlango uliofungwa, au, vizuri zaidi, wazazi na dada katika chumba chenye taa, na mlango wa chumba cha pili, chenye giza tupu, u wazi.

Kitabu kilipotoka, jalada lilionyesha mwanamume aliyevaa joho la nyumbani na sapatu miguuni. Amefunika uso kwa mikono yake miwili, na kwa hatua ndefu auacha mlango nyuma yake. Mlango huo una mabawa mawili. Bawa moja li wazi, na ndani yake ni giza. Mdudu hayumo.

Mtu atauliza: kwa nini Kafka aliogopa hivyo? Je, alitaka kuficha siri ya hadithi, ili msomaji apate kushtuka? Hapana, haiwezekani kuwa hivyo. Sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu hicho yatangaza wazi kwamba Gregor amegeuka mdudu. Afunguaye ukurasa wa kwanza amekwisha jua. Basi siri haikuwapo, na sababu yatupasa kuitafuta mahali pengine.

Sisi twaiona hivi. Neno la Kijerumani alilolitumia Kafka halitaji mdudu fulani, wala mende wala kombamwiko. Ni neno la jumla kwa viumbe wachafu, waharibifu, wasiotakiwa nyumbani. Kwa hiyo lasema zaidi jinsi watu wamwonavyo kiumbe kuliko jinsi kiumbe kilivyo. Msomaji asomapo yumo ndani ya Gregor. Asikia mawazo yake, aona dari na dirisha kwa macho yake, aumia tofaa likimpiga. Lakini baba, karani na wapangaji wamtazama kutoka nje, nao waona uchafu tu. Uchungu wote wa hadithi watoka hapo: sisi twajua kwamba yumo mtu, na wale hawajui, au hawataki kujua.

Sasa fikirini jalada lenye kombamwiko mkubwa, miguu yake imechorwa kwa ufundi, mgongo wang'aa. Mchoraji amemfanya nini msomaji? Amemsimamisha mlangoni pamoja na baba mwenye matofaa mkononi. Kabla hajasikia neno moja la Gregor, msomaji amekwisha kuchukizwa. Kitabu kilikuja kumwonyesha mtu ndani ya mdudu. Jalada limemwonyesha mdudu na kumnyima mtu.

Hapo ndipo twapata jibu la swali letu. Picha ya jalada humwazima msomaji macho. Kila hadithi ina wenye kutazama na wenye kutazamwa, na mchoraji, apende asipende, humchagulia msomaji mahali pa kusimama. Kosa kubwa la jalada basi si kuwa baya la kutazama. Kosa kubwa ni kumpa msomaji macho ya yule ambaye kitabu chenyewe kinamhukumu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nasi twautaja kwa uangalifu. Vladimir Nabokov, aliyezaliwa Urusi mwaka 1899 na kufa mwaka 1977, alitoa mwaka 1955 riwaya iitwayo Lolita. Si kitabu cha watoto, wala hatusemi kwamba kila mtu akisome. Ni maungamo ya mwanamume mzima aliyemharibu mtoto wa kike wa miaka 12. Mwanamume huyo asema kwa ulimi mtamu sana, apamba uovu wake kwa maneno mazuri, na msomaji mwenye busara yampasa kusikia, nyuma ya utamu huo, kilio cha mtoto. Hata jina Lolita ni jina alilobandikwa na mwanamume huyo. Jina la mtoto ni Dolores.

Kitabu kilipokuwa karibu kutoka Marekani mwaka 1958, Nabokov alimwandikia mchapishaji wake kwamba kuna jambo moja asilolikubali kabisa: kuchorwa kwa msichana juu ya jalada. Naye alisikilizwa, jalada la toleo hilo lilikuwa la maandishi matupu. Lakini mwaka 1962 ilitoka sinema ya hadithi hiyo, na tangazo lake lilionyesha uso wa msichana aliyevaa miwani myekundu yenye umbo la moyo. Miwani hiyo haimo katika riwaya. Hata hivyo, toka siku zile majalada mengi, katika nchi nyingi, yaliiga mtindo huo: msichana mrembo, midomo, miguu, jicho la kumwita mtu.

Tazameni jambo lililotendeka. Mkosaji ndiye asemaye kwamba mtoto alimshawishi. Kitabu chatuonyesha kwamba asema uongo. Jalada laja na kumshuhudia mkosaji: ndiyo, alimshawishi, tazameni picha yake! Watu maelfu ambao hawakusoma kitabu wameiona picha hiyo, na siku hizi walitumia jina la mtoto aliyeonewa kama jina la msichana mwenye kutongoza wanaume. Hapa haturushiani maneno juu ya rangi na mistari. Hapa mtu aliyeumizwa ameumizwa mara ya pili, na safari hii na watu wasiomchukia hata kidogo, waliotaka tu kuuza kitabu.

Tuje sasa Afrika. Mwaka 1958 Chinua Achebe wa Nigeria (1930–2013) alitoa kule London riwaya yake Things Fall Apart, habari za Okonkwo, mtu wa Umuofia katika nchi ya Waigbo. Mwishoni mwa kitabu, Okonkwo amekwisha kufa, na mtawala Mwingereza atazama jambo hilo akiwaza kitabu anachotaka kuandika yeye mwenyewe juu ya kuwatuliza watu wa nchi ile. Aona kwamba habari za Okonkwo zitampatia kifungu kimoja kizuri. Kifungu kimoja! Na sisi tumetoka sasa hivi kusoma kitabu kizima juu ya mtu huyo: baba yake, wake zake, mashamba yake ya viazi vikuu, hofu zake. Achebe atuonyesha kwa mfano huo mmoja tofauti ya macho na macho.

Mchoraji wa jalada la kitabu cha namna hiyo anasimama mbele ya njia mbili. Aweza kutazama pamoja na mtawala, kutoka mbali, aone mambo yale yale yaliyozoewa. Au aweza kuingia kijijini. Mwaka 2014 mtu mmoja alikusanya pamoja majalada ya vitabu vingi vya Afrika, vya waandishi mbalimbali. Vingine habari zake ni za Nigeria, vingine ni za Afrika ya Kusini. Kumbe, juu ya majalada hayo ulikuwapo mti ule ule mmoja wa mgunga, na nyuma yake jua jekundu likitua! Mti huo ni mzuri, nasi hatuugombezi. Lakini mtu aliyekulia katika msitu mkubwa, au kando ya mto, au katika mitaa ya mji, ajua kwamba nyumba ya mama yake haikuwa chini ya mti huo. Picha hiyo ni ya mgeni apitaye kwa gari jioni. Haikutukana mtu, haikumwona mtu.

Njia ya pili pia imepata watu wa kuifuata. Uche Okeke (1933–2016), mchoraji Mwigbo, alitengeneza picha za riwaya hiyo ya Achebe. Yeye alikuwa amejifunza mistari ya uli, ambayo wanawake wa Kiigbo waliichora mwilini na katika kuta za nyumba, na mama yake mwenyewe aliijua kazi hiyo. Basi mkono uliochora ulikuwa umekwisha kutembea katika nyumba ambazo kitabu chasimulia. Hatusemi kwamba ni lazima mchoraji awe wa kabila la kitabu. Kama ingekuwa hivyo, wachache tu wangeweza kuchora. Twasema kwamba yampasa kuingia, naye Okeke alikuwa ameingia.

Wako watakaotupinga, na maneno yao yastahili kusikilizwa.

Wa kwanza ni mfanya biashara. Asema: “Ninyi mwasema mema, lakini karatasi yauzwa kwa fedha, na mpiga chapa ataka kulipwa. Kitabu kisichonunuliwa hakimfai mtu, hata kikiwa na jalada la haki.” Ni kweli. Hatuwezi kumdharau mtu atiaye mali yake katika vitabu. Lakini wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Riwaya iliyodumu miaka mia imekwisha kujiuza yenyewe kwa watu walioisoma na kuambiana. Mwenye kuibandika uongo usoni apata mnunuzi wa siku moja, naye mnunuzi huyo, akikosa ndani alichoahidiwa nje, hatarudi.

Wa pili ni mchoraji mwenyewe. Asema: “Je, mimi ni mtumwa wa mwandishi? Nami nina akili na kipaji.” Sawa kabisa. Mtazameni tena Starke. Jalada lake si nakala ya mashauri ya Kafka. Hakuchora wazazi na karani, wala familia iliyokaa penye taa. Alilichukua giza na mlango ulio wazi, akaongeza mtu ambaye hadithi haimtaji katika hali ile. Watu hubishana hata leo: ni baba? Ni Gregor mwenyewe kabla ya kugeuka? Au ni kila mtu aliyeona mateso ya ndugu yake na kukimbia? Basi alikuwa huru, na kwa uhuru wake alitengeneza swali zuri kuliko mdudu yeyote. Uhuru wa mchoraji haukupungua kwa kuacha jambo moja lisilopasa.

Wa tatu asema: “Kafka amekufa zamani. Kitabu sasa ni cha watu wote. Na dunia nzima yajua habari za mdudu.” Nasi twakubali kwamba barua ya mwaka 1915 si sheria ya milele. Lakini sababu ya barua haikufa pamoja na mwandishi, maana sababu hiyo imo ndani ya hadithi. Maadamu kuna mtu mmoja duniani anayeifungua kwa mara ya kwanza, huyo ana haki ya kukutana na Gregor kabla ya kukutana na miguu yake mingi. Mtu aliyekufa hawezi kuandika barua ya pili. Kwa hiyo walio hai wampasa kumlindia neno lake zaidi kuliko alipokuwa hai.

Basi twataka kusema nini kwa vijana wetu wenye kipaji cha kuchora, ambao huombwa kupamba vitabu vya nyimbo, matangazo ya michezo ya kuigiza, au hadithi za shule?

Kwanza, soma kitabu chote. Wako wachoraji wapewao kurasa mbili tu na kuambiwa: chora. Hao hufanana na shahidi aitwaye mbele ya baraza kusema jambo asiloliona. Pili, ukiisha soma, jiulize: ni nani humu atazamaye, na ni nani atazamwaye? Ni nani aumiaye bila kusikilizwa? Usimsimamishe msomaji upande wa wenye kumwumiza. Tatu, tafuta jambo ambalo mwandishi mwenyewe alikataa kulionyesha au kulitaja. Alikataa kwa sababu. Uiheshimu sababu hiyo. Nne, mwonyeshe kazi yako mtu aliyesoma kitabu, na mtu asiyekisoma. Wa kwanza akisema, “Hiki si kitabu nilichosoma,” anza upya. Wa pili akisema, “Nimekwisha kielewa chote,” anza upya vile vile, kwa maana umemfungia mlango aliotakiwa kuufungua mwenyewe.

Na sisi wasomaji tuna wajibu wetu. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwalimu awezaye, awape watoto zoezi hili. Kitabu kikiisha kusomwa darasani, wakifunge, walitazame jalada tena, na kila mmoja aseme: picha hii yatazama kwa macho ya nani? Watoto watajibu vizuri kuliko mnavyodhani. Nao wakizoea kuuliza hivyo juu ya vitabu, watauliza vivyo hivyo juu ya picha za magazeti, za matangazo, na za simu zinazopita mbele yao kila siku kwa mamia. Wataona picha ya maskini, na kuuliza nani aliyeipiga na kwa nini. Wataona picha ya jirani iliyotolewa ili achekwe, na wataikataa.

Maana kumwona mtu kwa macho ya adui yake ni jambo rahisi sana. Yatosha picha moja. Kumwona kama yeye ajionavyo kwataka kurasa nyingi na subira. Anayechora jalada asimpunguzie msomaji subira hiyo, bali amfikishe mlangoni, naye aingie mwenyewe.